Mama na mtoto mchanga, keti nyuma

Leo tutoke kliniki kidogo tuingie ndani ya gari.

Kila mara mama akitoka wodi ya wazazi, namwona akipewa kiti cha mbele kwa heshima, mtoto amefunikwa shali kifuani. Nia ni njema. Lakini tazama dashibodi iliyo mbele yake. Ukiona herufi SRS, ujue nyuma ya plastiki ile kuna mfuko wa hewa, umekunjwa unangoja ajali.

Gari likigonga kitu kwa nguvu, kifaa cha kupima mshtuko hupeleka umeme, kemikali huwaka, gesi hujaza mfuko. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Mfuko waweza kuruka kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa! Kisha hutoa hewa kupitia matundu yake, na mtu mzima aliyefunga mkanda huuangukia kama mto.

Sasa mtoto akiwa mapajani, yeye ndiye anayekutana na mfuko ukiwa bado unaruka. Humpiga kichwani na shingoni, na nyuma yake kuna kifua chako. Kichwa chake ni kizito, shingo bado ni laini. Nchini Marekani, miaka ya 1990, watoto walikufa hivyo hata katika ajali za mwendo wa polepole.

Wengi huniambia, "Sista, nitamshika." Hutaweza. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mtoto wa kilo 4 huvuta mikono kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hata baba hawezi.

Basi keti nyuma na mtoto. Walio na miaka 12 kurudi chini wakae nyuma pia, wamefungwa. Kama mnacho kiti cha mtoto, kile ambacho mtoto hutazama nyuma ya gari, kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko huo. Na gari kuukuu lisilo na mfuko? Kioo cha mbele kipo, nacho hakina huruma.

Mjamzito ukikosa nafasi nyuma, sukuma kiti mbali na dashibodi. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti.

Na shemeji akinuna kwamba umekataa kiti cha heshima, mwambie ni sista wa redioni aliyekataza.