Ngozi ya Tembo wa Karatasi

Leo twataka kunena habari ya tembo wa karatasi, wala si ya mwili wake wote, bali ya ngozi yake tu. Mwili wengi wenu mwajua kuufanya: vijiti na majani makavu ya mgomba hufungwa kwa kamba, kisha huvikwa vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi ya unga. Lakini mwili huo ukikauka huwa laini kama mtungi, na tembo hana ngozi ya mtungi.

Ngozi hufanywa kwa rojo. Twaeni magazeti makuukuu, myararue vipande vidogo na kuyaloweka usiku kucha. Asubuhi yachemsheni nusu saa, myatwange katika kinu kisichotwangiwa chakula, kisha myakamue kwa kitambaa. Kando yake pikeni gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano kikorogwe katika kikombe 1 cha maji baridi, halafu kimiminwe katika vikombe 4 vya maji yachemkayo, mkikoroga hata iwe nzito. Changanyeni vikombe 3 vya karatasi iliyokamuliwa, kikombe 1 cha gundi, na kikombe 1 cha vumbi la chaki.

Mtauliza, chaki ya nini? Mtazameni mfinyanzi. Yeye hutia mchanga au vigae vilivyopondwa katika udongo wake, ili chungu kisipasuke kikaukapo. Maji yakitoka, udongo hunywea, bali mchanga haunywei. Chaki hufanya kazi iyo hiyo katika rojo. Msitie chokaa ya kujengea badala yake, maana huunguza mikono. Wala mrututu wa kuzuia koga, maana ni sumu. Matone machache ya mafuta ya karafuu yafaa zaidi.

Lakini adui mkubwa ni haraka. Tumeona watoto wakipaka rojo nene kwa siku moja, ili wawahi maonyesho. Juu hukauka, ndani hubaki maji. Baada ya siku chache mnyama hunuka na kupasuka, na mtoto aliyejitahidi juma zima hutupa kazi yake jalalani, asitake kushika karatasi tena. Unga uliopotea hupatikana. Moyo uliovunjika ni taabu kuurudisha. Basi pakeni tabaka jembamba, lisizidi unene wa sarafu mbili, mkaushe kivulini penye upepo. Likisha kauka kabisa, ndipo mpake la pili.

Tabaka la mwisho likiwa bado bichi, chorani mikunjo ya tembo kwa ncha ya kijiti. Kwa mamba, bonyezeni gunzi la hindi. Kwa simba, pitisheni kichana shingoni. Na kabla ya kuchora, mkikosa tembo wa kumtazama, mtazameni ng'ombe wa nyumbani: ngozi yake hukunjika wapi, shingoni au gotini? Jicho likisha kujua, mkono hautapotea.