Kontra iliisha, ujuzi haukuisha

(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, hapa Mangina)



Mlituomba tuongee juu ya uongozi na kubadilisha kazi. Tuseme ukweli kwanza. Sisi watu wa mashirika tulikwisha kuja hapa na maneno matamu. Tulisimama mbele ya watu wenye kutoka ukimbizini, tukasema: "Jiamini, unaweza!" Watu wakapiga mikono. Jioni wakarudi nyumbani, chungu kiko tupu. Tunaomba samahani.

Sasa tuongee yale tunayoyajua wote. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ilitangaza Ebola hapa kwetu, zoni ya afya ya Mabalako. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa. Katika ile miaka vijana wengi waliacha shamba na pikipiki, wakaingia kazi ya riposti. Kisha kontra zikaisha. Vita nayo ikatukimbiza. Leo tumerudi, lakini wengi tungali tunangojea tangazo lingine la kazi.

Tunawauliza: ile kazi iliwaachia nini? Aliyefuata watu waliogusana na mgonjwa alienda kwao kila siku, siku 21. Akifungiwa mlango, kesho alirudi. Alitukanwa, hakujibu kwa matusi. Aliandika majina bila kukosea. Hakuna aliyemwita shefu, lakini ule ndio uongozi.

Mama mmoja wa chama chetu alikuwa anapima watu joto kwenye barieri. Aliporudi, shamba lake la kakao lilikuwa limekuwa pori. Akakopa kidogo katika sanduku la kijani la MUSO, akaanza kununua kakao mbichi ya majirani. Anaivundika, anaianika, anaandika kila kilo katika daftari. Siku mvua ilipomharibia mzigo, hakujificha. Alikuja mkutanoni, akafungua daftari mbele yetu. Tukamwongezea miezi miwili, akalipa.

Basi kila mmoja arudi nyumbani na maulizo tatu. Najua kufanya nini? Ni nani hapa kwetu anayekihitaji? Naweza kuanza na nini wiki hii, na ile kidogo niliyo nayo? Ukipata majibu, hata kama hayajakamilika, uje kwa kamati. Tutakaa nawe, tupige hesabu pamoja, na kama hesabu haisimami tutakuambia.

Kwenu wafadhili tuko na maombi mawili. Musitulipie hotuba tena. Leteni ile pesa katika sanduku la buluu, lile la msaada wa kutoka inje, ili wenye mpango wapate pa kuanzia. Tena mradi ukielekea mwisho, waambieni wafanyakazi mapema, si wiki ya mwisho. Mtu akijua tarehe, anapanda shamba lake mbele kontra haijaisha.