Anasema au Kinasema? Ngano, Wimbo na Sarufi katika Filamu ya Beauty and the Beast



Huenda baadhi yenu, mliposikia kwamba nitazungumzia filamu ya katuni, mlitarajia The Lion King ya mwaka 1994, ambayo ilichota katika Kiswahili majina kama Simba na Rafiki. Filamu hiyo imekwisha kupata wachambuzi wengi. Mimi nimechagua iliyoitangulia kwa miaka mitatu, Beauty and the Beast, yaani Mrembo na Mnyama, ya mwaka 1991. Hii haina udugu wowote wa dhahiri na lugha yetu. Swali langu ni moja: kwa nini filamu iliyochorwa kwa mkono ingali inapendwa na watoto ambao wazazi wao nao waliipenda walipokuwa watoto? Jibu langu litapita katika ngano, wimbo na uchoraji, na litaishia kwenye sarufi, ambako ndiko nyumbani kwangu.

1. Ngano na safari yake

Hadithi yenyewe ni kongwe kuliko sinema. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliichapisha Ufaransa mwaka 1740 kwa urefu mkubwa. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont aliifupisha, na ufupisho wake ndio ulioenea. Wataalamu wa ngano huiweka katika ukoo mmoja na kisa cha Cupid na Psyche, kilichoandikwa katika karne ya 2 na Apuleius, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, katika eneo ambalo leo ni Algeria. Mwaka 1946 Jean Cocteau aliitengenezea filamu ya waigizaji. Kwa hiyo Gary Trousdale na Kirk Wise, waliongoza filamu ya 1991, pamoja na Linda Woolverton aliyeandika mswada wake, walirithi kisa kilichokwisha kupita katika mikono mingi.

Walifanya mabadiliko mawili yanayostahili kutajwa. Kwanza, katika ngano ya zamani waridi ni zawadi ambayo binti amemwomba baba yake. Katika filamu waridi limekuwa kipimo cha wakati. Petali ya mwisho ikidondoka kabla Mnyama hajapenda na kupendwa, atabaki mnyama daima, na watumishi wake waliogeuzwa vyombo hawatakombolewa.

Pili, filamu imemwingiza Gaston, kijana mtanashati anayesifiwa na kijiji kizima. Villeneuve na Beaumont hawana mhusika huyo. Lakini msikilizaji wa ngano za Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa kwake. Tunazo hadithi nyingi za msichana anayevutiwa na mgeni mwenye sura nzuri, akaolewa naye, kisha akagundua kwamba mume ni zimwi. Ngano ya Kifaransa huficha utu ndani ya sura ya kutisha, na ngano zetu huficha zimwi ndani ya sura ya kupendeza. Filamu hii imezikutanisha ngano hizo mbili katika kisa kimoja, na kadiri Mnyama anavyoelekea kwenye utu ndivyo Gaston anavyouacha. Naamini hiyo ni sababu ya kwanza ya kudumu kwake. Mtoto huelewa kwamba sura haithibitishi kitu, kwa uzuri wala kwa ubaya.

2. Wimbo ndani ya kisa

Nyimbo zilitungwa na Alan Menken kwa upande wa muziki na Howard Ashman kwa upande wa maneno. Wote wawili walitoka katika tamthilia za nyimbo za jukwaani, ambako wimbo hauruhusiwi kuwa pambo. Ashman alifariki kwa UKIMWI tarehe 14 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 40, miezi michache kabla filamu haijatoka, nayo ikatabarukiwa kwake. Katika tuzo za Oscar filamu ilishinda mbili, zote za muziki, na ilikuwa filamu ya kwanza ya katuni kushindania tuzo ya filamu bora.

Kanuni ya Ashman inajulikana na kila mtambaji wa ngano za Kiafrika: wimbo unapokwisha, lazima jambo liwe limesogea. Kumbukeni hadithi ya Sultani Majinuni katika mkusanyo wa Edward Steere uliochapishwa mwaka 1870. Kila mara kijana anapoua mnyama akidhani ni Nunda mla watu, huja akiimba, na mama yake humjibu kwa wimbo kwamba siye. Ukiziondoa nyimbo hizo unavunja ngazi ambayo kisa kinapandia.

Sasa tazameni filamu. Katika wimbo wa mwanzo wanakijiji wanamwimba Belle kuwa ni msichana wa ajabu kwa sababu anapenda vitabu. Kuelekea mwisho kundi hilohilo linaimba likienda kumuua Mnyama. Kiitikio ni cha watu walewale, na hatari iliyofichwa katika utani wa asubuhi imekomaa usiku. Kati ya nyimbo hizo mbili upo wimbo wa thelujini, ambamo Belle na Mnyama kila mmoja anaimba moyoni bila kumwambia mwenziwe. Wimbo wa dansi nao hauimbwi na wapenzi wenyewe bali na buli la chai, mama mtu mzima anayewatazama. Msikilizaji wa pwani atamkumbuka somo au kungwi, ambaye husema kwa wimbo yale ambayo bibi harusi hawezi kuyasema mwenyewe.

3. Mkono wa mchoraji

Filamu ina dakika 84. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, hizo ni picha zipatazo 120,000. Wahusika walichorwa kwa penseli juu ya karatasi, ingawa kompyuta ilitumika kutia rangi na kuujenga ukumbi wa dansi. Glen Keane, aliyesimamia uchoraji wa Mnyama, alimpa kichwa cha nyati, manyoya ya simba, paji la sokwe, vichonge vya nguruwe mwitu, kiwiliwili cha dubu na miguu ya mbwa mwitu. Macho alimwachia ya binadamu. Ndiyo maana mwishoni, Mnyama anapogeuka kijana, Belle anasita mpaka anapoyatazama macho yake.

Mwaka 2017 hadithi hii ilirudiwa kwa waigizaji wa kweli na vyombo vilivyoundwa kwa kompyuta. Ilipata watazamaji wengi mno. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kadiri buli lilivyofanana na buli halisi ndivyo uso wake ulivyopungukiwa na maneno. Mchoro wa mkono haudai kuwa kitu chenyewe, na kwa hiyo una uhuru wa kuwa mtu.

4. Sarufi ya uhai

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutufundisha jambo ambalo lugha ya filamu yenyewe hailionyeshi kwa uwazi. Tuseme mwanafunzi amepewa kazi ya kuifasiri. Kinara cha mshumaa kinazungumza. Je, aandike "Kinara kinasema" au "Kinara anasema"? Tunajua kwamba katika Kiswahili sanifu uhai hushinda umbo la nomino. Husemwa "kifaru amelala" wala si "kifaru kimelala". Tashihisi hufuata kanuni hiyohiyo: kinara anacheza, saa ananung'unika, buli anaimba. Hata kivumishi hufuata, na kikombe kidogo huwa kikombe mdogo. Hivyo mfasiri wetu hawezi kukwepa. Katika kila kitenzi lazima atamke iwapo yule ni mtu au ni kitu.

Na hilo ndilo swali la filamu nzima. Watumishi wanaogopa kuhamishwa kutoka ngeli moja hadi nyingine, kutoka "anaimba" hadi "linavunjika". Wimbo wao wa kutamani kuwa watu tena uliachwa mwaka 1991, ukatumika jukwaani mwaka 1994, kisha ukarudishwa katika toleo la mwaka 2002. Katika filamu ya 2017 hofu hiyo inatimia kwa dakika chache: petali ya mwisho inadondoka na vyombo vinanyamaza. Hapo mfasiri atalazimika kuandika "kinara kimesimama", na msomaji Mswahili atajua kwamba mtu amekufa.

Upande wa pili, sarufi yetu inaruhusu kumvua mtu uhai wake. "Jitu lile limekuja" si sawa na "mtu yule amekuja". Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hata katika kujuana huko haikulivisha zimwi kiambishi a-. Gaston anapowachochea wanakijiji anawafundisha kusema "limekuja". Belle anasisitiza "amekuja", na anamwambia Gaston kwamba zimwi ni yeye.

Jambo hili haliishii kwenye sinema. Kipofu, kiziwi na kiwete ni majina yenye ki- ya vitu, ingawa kitenzi kimeyaokoa daima kwa kusema "kipofu amefika". Nchini Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitanguliza neno "watu", na leo wengi husema "mtu asiyeona". Wako wanaoona mabadiliko hayo kuwa ya urembo tu. Mimi naona kwamba wasemaji wanataka nomino ikiri kile ambacho kitenzi kilikuwa kikikiri siku zote.

5. Hitimisho

Filamu hii imedumu kwa sababu imeweka mbele ya mtoto swali ambalo hata sisi watu wazima hatujalimaliza: nani anastahili kuitwa mtu, na nani ana mamlaka ya kumvua jina hilo? Imeliuliza kwa wimbo unaosukuma kisa na kwa mchoro ulioacha macho ya binadamu katika uso wa mnyama.

Kwenu wanafunzi ninaacha kazi mbili. Mnapokusanya ngano, rekodini nyimbo zake kwa sauti, kwa kuwa maandishi peke yake huhifadhi maneno na kuiacha sauti nyuma. Na mnapofasiri, msiuone upatanisho wa kisarufi kuwa jambo dogo la mtihani. Katika kiambishi kimoja cha herufi moja, Kiswahili huamua nani yuko hai.