Uchungu Ukipata Mfereji

  

Leo twataka kuzungumza juu ya uchungu wa moyo. Hatusemi juu ya huzuni ya siku moja inayokwisha jua likitua. Twasema juu ya ule uchungu unaolala na mtu na kuamka naye. Kijana amefanya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yamemrudisha nyumbani kukaa chini ya mti. Mzee alikuwa na kundi la mbuzi; kisha ukaja ukame ulioanza mwaka 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo, na mzee akabaki na fimbo mkononi. Mama amefiwa, na watoto wamtazama yeye. Msichana amechekwa na wenzake kwa sababu ya nguo yake moja. Watu hawa si wageni kwetu. Ni jirani zetu, na pengine ni sisi wenyewe.

Je, mtu wa namna hii tumwambie nini? Wengi humwambia, "Sahau." Wengine humwambia, "Jikaze." Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini hayamfikishi mbali. Anayeambiwa asahau hurudi nyumbani akakumbuka zaidi.

Ndugu zangu, sisi wa Turkana twajua habari ya maji. Mvua hunyesha mbali milimani, na hapa kwetu jua linawaka, hata wingu halionekani. Mara laga iliyokuwa kavu inanguruma na kujaa. Maji hubeba mbuzi, hubeba vibanda, hata gari hulipindua. Lakini maji hayo hayo yakienea juu ya ardhi tambarare kando ya Turkwel au Kerio, huacha udongo wenye unyevu, na hapo mama zetu hupanda mtama. Maji ni yale yale. Kinachotofautiana ni mahali yalipopita.

Uchungu nao una nguvu kama maji ya laga. Aliyetukanwa hapati usingizi. Aliyeonewa huweza kutembea usiku kucha bila kuhisi uchovu. Basi tusiulize kama nguvu ipo, maana ipo. Yafaa tuulize: nguvu hii itapita wapi?

Njia mbaya twaijua. Kwa miaka mingi mpakani mwetu, mtu akichukuliwa ng'ombe au akiuawa nduguye, hushika bunduki akaenda kulipiza kisasi. Yule naye aliyelipizwa huja kulipiza. Wazee walisema hasira ni hasara, nasi twaweza kuihesabu hasara hiyo kwa makaburi. Wengine hawashiki bunduki. Huumwaga uchungu wao katika pombe, au juu ya mke na watoto wasio na kosa. Hayo nayo ni mafuriko.

Lakini iko njia nyingine, na walioipita tunawajua. Wa kwanza ni binti wa majirani zetu Wapokot, Tegla Loroupe. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York. Mwaka 1995 alirudi New York akiwa na msiba mbichi wa dada yake, akakimbia tena, akashinda tena. Msiba haukuondoka kwa sababu ya ushindi. Lakini haukumzuia kuinua mguu.

Mama huyu pia aliijua vita ya ng'ombe. Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani, akaanza kuandaa mbio za amani. Vijana wa Kipokot, wa Kiturkana, wa Kikaramojong na wengineo, waliozoea kukutana kwa bunduki, wakasimama pamoja kwenye mstari mmoja wa kuanzia mbio. Mwaka 2015 shirika lake likafika Kakuma kutafuta wakimbiaji miongoni mwa wakimbizi.

Tukumbuke Kakuma ni mahali gani. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watoto na vijana waliokimbia vita ya Sudan, na hadi leo watu zaidi ya laki mbili wanaishi huko na Kalobeyei. Kila mmoja wao ana jambo lililomtoa kwao.

Yiech Pur Biel alifika mwaka 2005 akiwa kijana mdogo, ametengana na wazazi. Paulo Amotun Lokoro alikuwa mchungaji wa ng'ombe wachache wa jamaa yake, kama vijana wetu wengi walivyo. James Nyang Chiengjiek baba yake, aliyekuwa askari, aliuawa vitani. Naye mwenyewe alikimbia akiwa na umri wa miaka 13 ili asikamatwe na kutiwa jeshini. Anjelina Nadai Lohalith alitengana na wazazi wake akiwa mtoto. Rose Nathike Lokonyen alikuja mwaka 2002. Mwaka 2008 wazazi wake walirudi Sudan Kusini, na yeye akabaki kambini kuwalea wadogo zake.

Rose alikimbia kilomita 10 bila viatu, akawa wa pili. Hao watano wakachukuliwa, wakaenda kufanya mazoezi Ngong, karibu na Nairobi. Tarehe 5 Agosti 2016, katika uwanja wa Maracanã huko Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya wakimbizi iliingia katika michezo ya Olimpiki. Walikuwa watu kumi, na mbele yao, ameshika bendera, alikuwa Rose wa Kakuma.

Sasa msikilizaji mmoja atasema, "Basi, walishinda medali?" La, hawakushinda. Wote watano walitoka katika mbio za mchujo. Twalisema jambo hili waziwazi kwa sababu vijana wetu hudanganywa. Huambiwa kwamba mtu akiumia vya kutosha, lazima atakuwa wa kwanza. Si kweli. Uchungu haumpi mtu kasi asiyokuwa nayo. Humpa sababu ya kuamka alfajiri. Wanne kati ya hao watano walikimbia tena katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na Biel mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, mkimbizi wa kwanza kukaa katika baraza lile. Maendeleo hayo yalikuja polepole.

Twajifunza nini kwao? Kwanza, uchungu wao ulipewa kazi ndogo ya kila siku. Biel alieleza jinsi ilivyokuwa vigumu kufanya mazoezi Kakuma, kwenye jua la tangu asubuhi hadi jioni, bila viatu. Hata hivyo kazi ilikuwa na saa yake na umbali wake. Mfereji huchimbwa kwa jembe, pigo baada ya pigo. Kijana uliyeanguka mtihani, usijiapize leo kwamba utakuwa tajiri mkubwa ili uwaaibishe waliokucheka. Chagua somo moja, ulisome saa moja kila jioni, kisha ujiandikishe tena. Au jifunze kushona, kutengeneza pikipiki, kuchomelea vyuma. Hasira ikija, ipeleke pale.

Pili, hawakuchimba peke yao. James alisimulia kwamba katika mazoezi ya mwanzo hawakuwa na viatu vya kuwatosha. Mwenye viatu humwazima mwenzake, na wengi waliumia kwa kuvaa viatu visivyowafaa. Yuko mwalimu aliyemwambia Rose ajaribu kukimbia. Ninyi wazee, walimu na wazazi mnaotusikiliza, neno hili ni lenu pia. Mtoto mkali darasani, mtoto asiyesema na mtu, pengine amebeba maji mengi na hana pa kuyapitisha. Msimfukuze kabla hamjamwuliza. Pengine anahitaji mtu mmoja tu wa kumwambia, "Jaribu hili."

Tatu, walikimbia kwa ajili ya mtu. Rose alikuwa na wadogo zake, na Biel alieleza kwamba anakimbia kwa ajili ya wakimbizi wenzake. Anayefanya kazi ili kumkomoa adui yake, siku adui akihama au akifa, kazi yake hukosa maana. Bali anayefanya kazi ili mdogo wake asome, kesho ana sababu ile ile ya kuamka.

Katika Maandiko twamkuta Nehemia, mtumishi katika jumba la mfalme wa Uajemi. Alipoletewa habari kwamba kuta za mji wa baba zake zimebomoka, aliketi akalia kwa siku kadhaa. Hakuna aliyemkemea kwa machozi yale. Kisha akaomba ruhusa kwa mfalme, akasafiri, akazunguka kuta usiku na kuona ni wapi pamebomoka, akawaita watu, na kila jamaa ikajenga sehemu yake. Ukuta ukakamilika kwa siku 52. Tazameni utaratibu wake: alilia, aliomba, alikagua, kisha alijenga. Wengi wetu hukwama kwenye kulia. Wengine huruka kulia wakaanza kujenga kwa hasira, na ukuta wao haukai.

Kabla hatujamaliza, twataka kusema na mtu mmoja. Wewe ambaye uchungu wako umekuwa mzito hata huli, hulali, na umeanza kuona afadhali usingekuwapo, maneno yetu ya leo yasikuongezee mzigo. Hakuna anayechimba mfereji wakati maji yamemfika shingoni. Kwanza atolewe majini. Mwambie mtu leo hii: jamaa yako, mchungaji, mwalimu, au daktari hospitalini. Huo si udhaifu. Na ninyi mtakaoambiwa, acheni kazi mnayoifanya, mketi, msikilize hadi mwisho.

Lakini wewe uliye na nguvu za kusimama, jioni ya leo jiulize mambo mawili. Uchungu wangu ni upi hasa? Na kesho asubuhi nitaupeleka kwenye kazi gani? Taja kazi moja, ndogo, inayowezekana hapa hapa Lodwar au Kakuma. Kisha amka uifanye, na kesho kutwa uifanye tena, hata kama moyo bado unauma. Utaendelea kuuma kwa muda. Mama zetu nao hupanda mtama udongo ungali na matope.

Twawaombea ninyi nyote usingizi wa amani. Kwaherini, hadi mazungumzo yetu yajayo.