Theluji ya Ruwenzori na Maji ya Simiyu
(Maneno yaliyosemwa Lingeka)



Maji ya mto wetu Simiyu huingia Ziwa Viktoria, yakafuata mto Naili hata Ziwa Albert. Huko hukutana na maji ya Semliki, yatokayo milima ya Ruwenzori. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, huamini kwamba mungu wao Kitasamba hukaa katika theluji. Apandaye huongozwa nao siku kadhaa, akipita msitu, mianzi na matope mengi, ndipo aikanyage barafu. Mwaka 1906 Luigi wa Abruzzi, wa jamaa ya mfalme wa Italia, alifika kilele cha Margherita, mita 5,109. Barafu zilikuwa 43. Kufikia mwaka 2005 hazikubaki hata nusu.

Je, barafu ikiisha, mito ya huko itakauka? La, maji yake mengi ni ya mvua, yanayotunzwa na misitu na mabwawa. Basi hapo ndipo penye funzo letu. Barafu hatuwezi kuirudisha, lakini miti ya kingo za Simiyu i mikononi mwetu. Tukilima hata ukingoni, mvua itachukua udongo wetu, na wenzetu wa chini watakunywa matope. Tuitunze.