Mkoko wa Faza na Mkoko wa Matang



Wazee wetu wa Faza, walimu, wazazi mliotoka Kizingitini, Siyu na Ndau, na nyinyi wahitimu wetu: hongereni sana. Leo nina neno hasa na wale watakaokwenda kusoma ng'ambo, inshaallah.

Wanafunzi wa Kimarekani wamekuwa wakija Unguja kusoma ikolojia ya pwani kupitia programu ya School for International Training. Huingia msitu wa Jozani kumtazama kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Kima hao, hasa wanaokula majani ya miembe na mikungu kwenye mashamba ya watu, hula pia mkaa. Mwaka 1997 Thomas Struhsaker na wenzake walieleza sababu: mkaa hunyonya sumu iliyo ndani ya majani hayo. Mkulima wa pale alikwishamzoea kima mla mkaa. Mgeni ndiye aliyeshangaa, akauliza, akapima, akaandika.

Wanangu, sasa zamu ya ugeni ni yenu.

Baadhi ya vijana wa pwani yetu husoma Malaysia. Ukifika huko, usiishie Kuala Lumpur. Panda basi uende Perak, kwenye msitu wa Matang. Humo utakuta mikoko hekta kama 40,000, na ndani yake mti uleule unaouona hapa maji yakipwa: mkoko wenyewe, mizizi imejipinda vilevile juu ya tope. Utawakuta na wanyama usiowajua, lakini mti huo utaujua kabla mtu hajakutajia jina.

Hapo ndipo uulize. Msitu wa Matang unakatwa kwa mpango tangu mwaka 1902 hivi. Umegawanywa mafungu, na kila fungu huachwa likue miaka 30. Njiani, miti ikifika miaka 15 na tena ikifika 20, hupunguzwa, na iliyokatwa huuzwa nguzo. Mwisho fungu hukatwa lote kwa ajili ya mkaa, na pasipoota miche ya kutosha hupandwa upya. Watu wanakula, na msitu upo. Sisemi hauna dosari: wako wataalamu wanaolalamika kwamba mavuno yamepungua na kwamba aina chache za miti zimependelewa mno. Hayo nayo mkayachunguze.

Sisi je? Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti zetu hadi Uarabuni na Ghuba. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuzipeleka nje. Februari 2018 ukataji ukasimamishwa katika misitu ya umma nchini kote, na wakataji wetu, watu wasiojua kazi nyingine, wakabaki mikono mitupu wakati huo. Msitu unahitaji kulindwa, hilo silipingi hata kidogo, maana samaki na kaa wetu hukulia humo. Lakini marufuku si mpango. Mpango unataka mtu anayejua mkoko wa Faza unakua kiasi gani kwa mwaka, fungu lipi lipumzike na lipi likatwe. Mtu huyo natamani awe mmoja wenu, aliyezaliwa hapa, anayejua bamvua kwa miguu yake.

Na nyinyi mtakaobaki, kazi mnayo vilevile. Akina mama wa Mtangawanda, hapa hapa kisiwani Pate, wanaotesha miche na kuirudisha mikoko palipobaki tope tupu. Nendeni mkawasaidie, mkahesabu mingapi imeshika na mingapi imekufa, mkaandika.

Ninawaomba jambo moja kabla ya safari. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko. Tafuteni mzee aliyekata boriti, ingieni naye msituni, awaonyeshe mkandaa, mchu, muia, mkomafi, na mlilana unaotoa mataruma ya jahazi. Muulizeni kila mti unapenda tope gani, unaota wapi na unakatwa lini. Andikeni yote kwenye daftari, na daftari hilo mlitie kwenye sanduku pamoja na vyeti vyenu.