Mali Bila Daftari: Mkataba Wako na Zabuni ya Umma

Mada iliyowasilishwa na afisa sheria katika mafunzo ya viongozi wa vikundi vya wajasiriamali na wajumbe wa kamati za huduma za jamii



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya mambo mawili ambayo wengi wetu huyaachia mawakili na wahasibu: misingi ya mkataba, na kanuni zinazoongoza ununuzi wa umma. Naomba nianze na kisa. Mambo ya aina hii hufika mezani petu mara kwa mara, nami nimeyabadili mazingira yake ili wahusika wasitambulike.

Kikundi cha akina mama washonaji kilipigiwa simu na mtumishi wa ofisi moja ya umma. Aliwaambia, “Mama, nishoneeni mashuka mia mbili ya wodi, yanahitajika haraka. Malipo yatatoka baada ya wiki mbili.” Wakakopa, wakanunua vitambaa, wakashona hadi usiku wa manane, wakapeleka mzigo. Mashuka yalipokelewa kwa shukrani na kutandikwa siku hiyo hiyo. Wiki mbili zikapita, kisha miezi miwili. Yule mtumishi akahamishwa. Aliyeshika nafasi yake alifungua jalada, akakuta halina agizo, mkataba wala hati ya mapokezi. Akawajibu kwa upole kwamba ofisi yake haikuagiza kitu.

Je, palikuwa na mkataba? Na kama ulikuwapo, ulimfunga nani? Tukiyajibu maswali haya mawili, tutakuwa tumeigusa sehemu kubwa ya mada ya leo.

Mkataba ni nini?

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaeleza katika kifungu cha 10 kwamba makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo au manufaa halali, na kwa lengo halali. Tuzitazame nguzo hizo moja moja.

Ya kwanza ni pendekezo na kukubaliwa kwake. Mmoja anasema, “Nitakutengenezea kitanda cha mninga kwa bei hii,” na mwingine anajibu, “Nimekubali.” Akijibu, “Nimekubali, lakini punguza,” hajakubali bado, ametoa pendekezo jipya.

Ya pili ni hiari. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, shinikizo lisilofaa, ulaghai au maelezo ya uongo si ridhaa huru. Aliyeshurutishwa au kulaghaiwa anaweza kuukataa mkataba huo. Naye aliyeuziwa pampu ya maji kwa kuambiwa kuwa ni mpya, kumbe imepakwa rangi tu, ana haki ya kulalamika hata kama amekwisha kusaini.

Ya tatu ni uwezo wa wahusika: awe ametimiza umri wa miaka 18 na awe na akili timamu wakati wa kukubaliana.

Ya nne ni kwamba kila upande utoe kitu na upokee kitu. Kwa kawaida ahadi tupu ya zawadi haidaiwi mahakamani, hata ikiwa imetolewa mbele ya umati.

Ya tano ni uhalali wa lengo. Makubaliano ya kugawana fedha za rushwa hayawi mkataba hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa mujibu wa sheria hii, mkataba wa maneno ni mkataba, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inadai maandishi. Unaponunua nyanya gengeni umefunga mkataba, na umeutimiza papo hapo. Taabu ya mkataba wa maneno iko katika kuuthibitisha pale mnapokosana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mahakama nazo huamua kwa ushahidi.

Usisaini kabla ya kusoma

Karatasi ya makubaliano haihitaji maneno makubwa. Ionyeshe nani anampa nani nini, cha ubora gani, kwa bei gani, lini, mahali gani, na itakuwaje mmoja akishindwa. Ukimpa fundi malipo ya awali ya madirisha, andikeni aina ya mbao au chuma, vipimo, idadi, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na tarehe ya kukabidhiana. Makubaliano yasiyoeleweka na yasiyoweza kufafanuliwa ni batili. Neno “tutaelewana” halina bei ndani yake.

Kama karatasi imeandikwa kwa lugha usiyoielewa, omba itafsiriwe kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, kwa hiyo usione haya kudai mkataba wa Kiswahili. Kuuliza si ujinga.

Angalieni pia masharti ya adhabu, hasa katika mikopo ile ambayo mitaani huitwa kausha damu. Sheria ya Mikataba inasema kwamba, hata pale ambapo kiasi cha adhabu kimetajwa, anayedai anastahili fidia inayofaa tu, isiyozidi kiasi hicho. Kutajwa kwa kiasi kikubwa hakumpi mkopeshaji haki ya kukichukua chote bila kuhojiwa.

Mwenzako akivunja mkataba, kifungu cha 73 kinakupa haki ya fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au ambayo nyote mlijua kuwa ingeweza kutokea. Hasara za mbali hazifidiwi. Nawe unatazamiwa kuchukua hatua za kupunguza hasara yako: fundi akikimbia, tafuta fundi mwingine, kisha udai tofauti ya bei. Kumbukeni pia muda. Kwa kawaida dai la mkataba linatakiwa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6.

Serikali inaponunua

Sasa tugeukie ununuzi wa umma. Mtu anaponunua kwa fedha yake, anaweza kumchagua muuzaji kwa sababu tu anampenda. Ofisi ya umma haina uhuru huo, kwa kuwa fedha inayotumika si ya mtumishi. Ni ya mwenye duka, ya mkulima na ya mnunuzi wa sukari, ambao wote wameilipa kwa kodi. Kwa sababu hiyo Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya 2023, inataka uwazi, ushindani, usawa, uadilifu na thamani halisi ya fedha.

Sheria hiyo imegawa madaraka ili mtu mmoja asiwe mwagizaji, mchaguzi na mlipaji kwa wakati mmoja. Idara yenye mahitaji hueleza inachokihitaji. Kitengo cha usimamizi wa ununuzi huandaa zabuni. Kamati ya tathmini huzilinganisha. Bodi ya zabuni huidhinisha. Afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi, ndiye anayewajibika kwa mchakato wote. Mtumishi aliyewapigia simu wale akina mama huenda alikuwa na nia njema, lakini hakuwa na mamlaka ya kuifunga ofisi kwa simu.

Tangazo la zabuni ni mwaliko tu. Pendekezo ni lile unalolitoa wewe mzabuni, na taasisi inaweza kulikubali au kulikataa kwa vigezo vilivyotangazwa. Ukiarifiwa kwamba taasisi inakusudia kukupa zabuni, shangilia kwa kiasi. Usinunue malighafi wala kukopa mpaka upate mkataba wa maandishi uliosainiwa na mwenye mamlaka, au hati ya agizo, ile ambayo wengi huiita LPO. Na siku ya kukabidhi, usiondoke bila hati ya mapokezi inayoonyesha idadi, tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea.

Nafasi zenu na ulinzi wenu

Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ili kuifikia nafasi hiyo, kikundi kiwe kimesajiliwa na kijiandikishe katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023. Zabuni hutangazwa humo, na maombi hutumwa kupitia humo. Anayekuahidi zabuni “ya pembeni” ili akuepushie usumbufu wa mfumo, anakuepusha pia na ushahidi wa madai yako.

Ukiona umeonewa, njia ipo. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa maandishi kwa afisa masuuli wa taasisi husika. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na baada ya hapo Mahakama Kuu inaweza kuombwa kuupitia uamuzi. Muda wa kulalamika ni wa siku chache, kwa hiyo soma tarehe zilizo katika taarifa uliyopewa siku hiyo hiyo unayoipokea. Ukiombwa rushwa, toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Hata asiyefanya biashara yoyote na serikali ana sehemu yake. Anayekalia dawati lililovunjika baada ya muhula mmoja ni mwanao. Anayechota maji katika kisima kilichochimbwa kifupi kuliko ilivyokubaliwa ni wewe. Ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji au mtaa: mradi huu ni wa kiasi gani, mkandarasi ni nani, mkataba unataka ukamilike lini, nani aliukagua kabla ya malipo? Jihadharini pia na zabuni moja kugawanywa vipande vidogo ili kukwepa ushindani. Sheria inakataza jambo hilo.

Turudi kwa washonaji

Akina mama wale walikuwa na nini mkononi? Mwenyekiti wao alikuwa na daftari lenye tarehe ya simu na tarehe ya kukabidhi. Walikuwa na stakabadhi za vitambaa. Walikuwa na ujumbe mfupi wa simu uliosema, “Mashuka yamefika, asanteni,” na kumbukumbu za kielektroniki zinakubalika kuwa ushahidi, kama inavyotambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Dereva wa bajaji aliyebeba mzigo alikumbuka siku hiyo. Zaidi ya yote, mashuka yenyewe yalikuwa bado vitandani.

Sheria ya Mikataba ina kanuni nyingine: mtu aliyefanyiwa jambo kwa njia halali, na mtendaji hakukusudia kulitoa bure, akilifaidi hana budi kulifidia, hata kama mkataba kamili haukuwapo. Kwa msaada wa msaidizi wa kisheria waliandika dai lao kwa afisa masuuli, wakaambatisha kila karatasi. Walilipwa, lakini baada ya zaidi ya mwaka mmoja, na kwa thamani iliyokadiriwa, si kwa bei waliyoitarajia. Katika kipindi hicho marejesho ya mkopo yalitoka mifukoni mwao. Mmoja wao aliuza cherehani yake.

Nimeeleza mwisho huu bila kuupamba ili pasiwe na anayeondoka hapa akidhani kwamba daftari linaponya kila kitu. Daftari liliwarudishia sehemu ya haki yao. Hati ya agizo, ambayo wangeidai kabla ya kukata kitambaa cha kwanza, ingewalindia cherehani.

Kabla hamjaenda, mbebe haya: usianze kazi kwa simu, usitoe malipo ya awali bila stakabadhi, usisaini usichokielewa, usikabidhi mzigo bila hati ya mapokezi, na usikae kimya mpaka muda wa madai ukapita. Mkikwama na hamna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni ya bure. Waulizeni maafisa maendeleo ya jamii wawaelekeze waliko.

Ahadi ni deni, ndugu zangu. Iandikeni, ili siku ya kudai ahadi hiyo iwe na sahihi ya aliyeitoa.

Sasa nakaribisha maswali.